Je, Ni Simu Iliyomharibu? Intaneti Mikononi mwa Watu Wazima Wenye Magonjwa ya Akili

Ndugu wanaomleta mgonjwa kwenye kliniki ya afya ya akili mara nyingi huja na maelezo yao ya chanzo cha ugonjwa kabla daktari hajafungua faili. Zamani maelezo hayo yalikuwa machache na yenye kujulikana: amerogwa, amevuta bangi, amesoma mno. Siku hizi limeongezeka jingine, nalo hutamkwa kwa uhakika uleule: simu imemharibu. Wiki nzima hakulala, alikuwa kwenye simu. Mshahara wote umeishia kwenye simu. Ameanza kuwatukana wakubwa wake kwenye simu. Kwa hiyo jambo la kwanza wanalofanya nyumbani ni kumpokonya simu, na la pili ni kumleta hospitali.

Ndugu hao hawasemi uongo, kwa kuwa waliyoyasimulia wameyaona kwa macho yao. Hata hivyo, ndani ya neno hilo moja, “simu”, yamefungwa mambo matatu ambayo kila moja lina tiba yake: simu kama kichochezi cha ugonjwa, simu kama mahali ambapo dalili za ugonjwa hujitokeza, na simu kama dawa ambayo mgonjwa amejitafutia mwenyewe baada ya kukosa nyingine. Yasipotenganishwa, mtu mwenye sonona, ugonjwa wa huzuni nzito, hunyang'anywa watu pekee anaozungumza nao, na mtu ambaye hisia zake zimepanda kupita kiasi hupewa nasaha za kujidhibiti wakati anachohitaji ni dawa.

Jina lenyewe la tatizo limechangia mkanganyiko huu. Mwaka 1995 Ivan Goldberg, daktari wa magonjwa ya akili wa New York, aliandika kwa mzaha vigezo vya ugonjwa aliouita uraibu wa intaneti, akiiga lugha ya mwongozo wa utambuzi wa magonjwa ya akili wa Marekani. Mwaka uliofuata mwanasaikolojia Kimberly Young aliushughulikia uraibu huo kwa dhati kabisa, akachapisha kisa cha mama wa nyumbani wa miaka 43 ambaye maisha ya familia yake yaliharibika kwa sababu ya intaneti. Alikichagua kisa hicho kwa makusudi, kwa kuwa mama huyo hakuwa mtaalamu wa kompyuta, wala hakuwa na historia ya uraibu au ya ugonjwa wa akili. Ulikuwa uchaguzi mzuri kwa hoja aliyotaka kuijenga, lakini tangu hapo picha iliyokaa vichwani mwa watu ni ya mtu aliyekuwa mzima akavurugwa na mtandao. Yule aliyekuwa tayari anaumwa, akaingia mtandaoni na ugonjwa wake, alibaki pembeni.

Hadi leo hakuna ugonjwa rasmi unaoitwa uraibu wa intaneti. Toleo la 11 la Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, lililoanza kutumika Januari 1, 2022, linatambua ugonjwa wa michezo ya kidijitali na ugonjwa wa kamari, na kila mmoja unaweza kuandikwa kuwa ni wa mtandaoni zaidi. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2013 uliiweka michezo ya intaneti katika sehemu ya mambo yanayohitaji kuchunguzwa zaidi. Mitandao ya kijamii, ununuzi, video na ponografia havikupewa majina ya uraibu wa intaneti katika vitabu hivyo, na ndiyo sababu watafiti wengi hupendelea kusema tu “matumizi ya intaneti yenye matatizo”. Neno hilo halina mvuto, lakini lina faida ya kutojifanya linajua kisichojulikana.

Matatizo hayo hupimwaje? Wengi huhesabu saa, na hapo ndipo wanapokosea kwanza. Mama anayeuza vitenge kupitia WhatsApp anaweza kushika simu saa kumi kwa siku, akala, akalala, akasomesha watoto. Jirani yake anaweza kuishika kwa dakika arobaini tu, akatazama kindege cha mchezo wa kamari kikipaa kwenye kioo, na kikianguka kikaanguka na kodi ya nyumba ya miezi mitatu. Vigezo vya Shirika la Afya Duniani haviulizi saa. Vinauliza kama mtu ameshindwa kujizuia, kama jambo hilo limetangulia mbele ya kazi, chakula na watu wake, na kama anaendelea nalo ingawa anaona linavyomuumiza, na kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu walau miezi 12.

Kwa mtu mwenye ugonjwa wa akili, vigezo hivyo havitoshi, kwa kuwa kila kimoja kinaweza kutokana na ugonjwa alionao tayari. Mwenye sonona huacha kazi na watu hata asipokuwa na simu. Mwenye bipola, ugonjwa ambao hisia hupanda mno na kushuka mno, hushindwa kujizuia katika kila kitu anapokuwa amepanda. Tukimwona yeyote kati yao ameinamia kioo saa nane usiku, tumeona tabia, na bado hatujaona sababu yake.

Tuchukue mfano wa kufikirika, ambao kila kipande chake ni cha kawaida katika miji yetu. Fundi wa majokofu wa miaka 34 anaishi Temeke, Dar es Salaam, na dada yake mkubwa. Aligunduliwa kuwa na bipola miaka sita iliyopita, akatulia kwa dawa, kisha akazipunguza mwenyewe kwa sababu zilimfanya awe mzito asubuhi. Mwezi mmoja kazi inachangamka, anachelewa kulala, halafu anagundua kwamba kifurushi cha usiku ni nafuu mara nyingi kuliko cha mchana. Siku ya tatu analala saa mbili na kuamka mwepesi. Anafungua makundi mapya, anatuma sauti ndefu za mipango ya biashara, anamwandikia mke wa rafiki yake maneno ambayo asingeyatamka akiwa timamu. Anaweka mkeka wa kubashiri mechi kumi na nne, unachanika kwa mechi moja, na kwake huo ni ushahidi kwamba bahati iko karibu. Pesa za vipuri alizopewa na wateja zikiisha, anakopa kwenye programu ya mikopo ambayo inamjibu kwa dakika chache, bila kumwona uso, bila kusikia jinsi anavyoongea mbio.

Zamani mtu aliyepanda hivyo alizuiwa na ugumu wa mambo yenyewe. Duka lilikuwa limefungwa usiku, benki ilitaka sahihi, mzee wa mtaa alimwona akiranda akamrudisha kwao. Tangu pesa ziingie kwenye simu, Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, duka, benki, mkopeshaji na meza ya kamari vimekaa katika mfuko mmoja, na vyote viko wazi usiku kucha. Huduma hizo zimewakomboa watu wengi na sioni sababu ya kuzilaani. Ila kwa mtu ambaye ugonjwa wake ndio huo wa kukosa breki, kila kizuizi kilichoondolewa kwa ajili ya urahisi wetu sisi kilikuwa kimemkinga yeye.

Sasa, ni simu iliyomwamsha fundi huyu, au alikuwa ameshaamka? Katika bipola, kukosa usingizi kunaweza kuwasha kipindi cha kupanda, na kipindi hicho nacho hupunguza haja ya usingizi, kwa hiyo duara linajizungusha lenyewe na simu inaweza kuingia mahali popote. Lipo swali moja ambalo dada yake anaweza kulijibu kuliko kipimo chochote cha maabara: simu ikiwekwa mbali, anafanya nini? Mtu aliyeibiwa usingizi na video atanung'unika, atajilaza, na baada ya nusu saa atakoroma. Aliyepanda atainuka afue mashuka, afagie uwanja saa tisa usiku, afungue jokofu la jirani ambalo hakuombwa kulitengeneza. Wa kwanza halali kwa sababu ana simu. Wa pili ana simu kwa sababu halali. Huyu wa pili anahitaji kurudi kwenye dozi yake haraka.

Miongozo ya kitabibu inalijua jambo hili. Mwongozo wa Marekani unasema ugonjwa wa kamari usiandikwe ikiwa kamari hiyo inaelezeka vizuri zaidi kwa kipindi cha kupanda kwa hisia, na uainishaji wa Shirika la Afya Duniani unaitaja bipola kuwa kitu cha kutenganishwa na ugonjwa wa kamari na ule wa michezo. Kwa lugha ya kliniki, maana yake ni kwamba kwanza hisia zitulizwe, kisha tuangalie kilichobaki. Ikiwa mikeka imekoma baada ya mtu kurejea katika hali yake, ilikuwa dalili. Ikiwa ametulia, analala, anaongea taratibu, na bado anajificha chooni abeti, basi ana matatizo mawili na la pili lina tiba yake ya mazungumzo. Kuliita la pili “ugonjwa umerudi” kutamwongezea dawa asizozihitaji.

Lipo pia jambo ambalo wagonjwa wengi na hata baadhi ya watoa huduma hawalijui, na ambalo linanifanya nisite kila ninaposikia mtu akilaumiwa kwa ulafi wa kamari. Mei 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu aripiprazoli, dawa inayotumika kwa bipola na kwa skizofrenia, ugonjwa unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo, kwamba kwa baadhi ya watu inaleta hamu isiyozuilika ya kucheza kamari, kununua vitu, kula au kufanya ngono, na kwamba hamu hiyo iliondoka dawa ilipoachwa au dozi ilipopunguzwa. Dawa nyingi za kundi la aripiprazoli huzuia kazi ya dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe katika ubongo. Aripiprazoli huizuia kwa sehemu na kuiamsha kwa sehemu, na inaaminika kwamba huko ndiko hamu hiyo inakotoka. Tukio hilo si la kawaida kwa wengi wanaoitumia, na hakuna anayepaswa kuikatisha dawa peke yake, kwa kuwa kurudi kwa ugonjwa ni hatari kubwa zaidi. Lakini mtu aliyeanza kubeti wiki chache baada ya kubadilishiwa dawa ana haki ya kuulizwa tarehe kabla ya kuulizwa tabia.

Kwa mwenye sonona sura ni tofauti kabisa. Hakuna mbio, hakuna mipango. Kuna kidole gumba kinachosukuma kioo juu, tena na tena, na macho yanayotazama bila kuona. Ukimuuliza alichokuwa anatazama hakumbuki. Simu hapa inafanya kazi ya blanketi: inafunika mawazo yasiyovumilika mpaka usingizi uje, ingawa asubuhi humwachia uchovu na harusi za watu wengine za kujilinganisha nazo. Kumpokonya blanketi hilo bila kumpa kingine ni ukatili, hata ukifanywa kwa upendo. Kinachosaidia ni kurudisha shughuli ndogo katika saa zile zilizomezwa, kwa mfano kwenda naye sokoni kila asubuhi, huku sonona yenyewe ikitibiwa.

Mwenye hofu ya watu hupenda kuandika kuliko kusema, kwa sababu kwenye maandishi anaweza kufuta. Mwenye mawazo yanayojirudia hutafuta dalili za ugonjwa mmoja mara arobaini kwa siku, na kila jibu humtuliza kwa dakika chache tu kabla ya shaka kurudi. Mtu mzima ambaye tangu utotoni hana utulivu wa umakini huvutwa na chochote kinacholipa papo hapo.

Skizofrenia inataka kauli ndefu zaidi, maana ndiyo inayoeleweka vibaya. Wengi hudhani mtu anayesikia sauti hana lolote la kufanya mtandaoni. Kinyume chake, mtandao ndio mahali adimu ambapo hakuna anayeona mikono ikitetemeka kwa ajili ya sindano ya kila mwezi, hakuna anayemwita kichaa, na anaweza kujibu salamu kesho kutwa bila kuonekana mkaidi. Kwa mtu ambaye mtaa umemkimbia, hilo ni jambo kubwa. Hatari yake iko kwingine. Ugonjwa huu una tabia ya kumfanya mtu aone ujumbe wake binafsi katika mambo ya watu wote. Zamani redio ilizungumza naye, leo ni orodha ya video. Tofauti ni kwamba redio haikujua kilichomvutia. Programu za leo hukumbuka, kwa hiyo akitazama video moja ya watu wanaofuatiliwa na majasusi, ataletewa nyingine, na nyingine, na imani iliyokuwa inatikisika inapata mashahidi. Baada ya hapo huja yule anayejiita tabibu au nabii, anayemwambia aache sindano na atume pesa ya maombi kwenye namba fulani.

Si kila kosa, basi, ni la mgonjwa. Kidole hakichoki kusukuma kioo kwa sababu ukurasa haukupewa mwisho. Mchezo wa kubahatisha hulipa kwa mpangilio usiotabirika, na tangu majaribio ya mwanasaikolojia B. F. Skinner kwa njiwa na panya inajulikana kwamba malipo ya namna hiyo ndiyo hushikilia tabia kwa nguvu kuliko yote. Vifurushi vya usiku vimewekwa bei inayomwalika mtu akeshe. Baadhi ya programu za mikopo hudai ruhusa ya kusoma majina yote yaliyohifadhiwa kwenye simu, na deni likichelewa hupigiwa mwajiri, shemeji na mchungaji. Mwaka 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majina ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni, na Kenya ilianza kuwasimamia wakopeshaji wa kidijitali kwa kanuni za mwaka 2022. Uingereza ilipiga marufuku kucheza kamari kwa kadi ya mkopo kuanzia Aprili 14, 2020. Ni hatua zenye manufaa. Lakini sheria kali zaidi duniani kuhusu muda wa mtandaoni, zile za China na ile ya Korea Kusini ambayo imekwisha kufutwa, zilitungwa kwa ajili ya watoto na michezo yao. Mtu mzima huhesabiwa kuwa anajua anachofanya, na mtu mzima ambaye kwa wiki tatu za mwaka hajui anachofanya hakufikiriwa.

Na wiki hizo tatu hubakiza kumbukumbu. Hili naona halizungumzwi vya kutosha. Mtu aliyepanda hisia miaka ya themanini alihubiri sokoni, watu wakacheka au wakasikitika, na mvua mbili baadaye wakasahau. Leo mahubiri yale yamepigwa picha na kusambazwa, matusi kwa bosi yana tarehe na saa, na chini ya sheria za makosa ya mtandao, ya Tanzania ya mwaka 2015 na ya Kenya ya mwaka 2018, baadhi ya maneno yanaweza kumfikisha polisi. Mtu hutoka wodini akiwa ametulia, anawasha simu, na kila kitu alichokifanya kinamngoja humo. Ndugu wanaofurahi kwamba amepona huenda wasitambue kwa nini wiki hiyo ndiyo anayoinamisha kichwa kuliko zote. Ni vyema mtu mmoja anayemwamini akae naye simu ile inapowashwa mara ya kwanza, wafute pamoja, wajibu pamoja, na mengine wayaache bila kuyasoma.

Kuhusu nini kifanyike, jambo moja nimelishikilia kuliko mengine: makubaliano hufanywa mtu akiwa ametulia. Kumpokonya mtu mzima simu kwa nguvu anapokuwa amepanda huzaa ugomvi, na mara nyingine polisi. Kumpokonya anapokuwa ameshuka humkatia wateja, pesa na marafiki. Katika miezi ya utulivu, hata hivyo, yeye mwenyewe ndiye anayejua njia ambazo pesa zake hupitia. Anaweza kupeleka akiba kwenye kikoba au SACCOS ambako kutoa kunahitaji watu na siku, na kwenye laini ya simu akabakiza matumizi ya wiki. Anaweza kuziandikia kampuni za kubashiri zifunge akaunti zake, na kufuta programu za mikopo wakati hana deni. Anaweza kumwambia dada yake kwa maneno yake mwenyewe: ukiona nimetuma sauti tatu ndefu baada ya saa sita usiku, usibishane nami, mpigie muuguzi. Wapo watakaoona haya ni kumfanya mtu mzima kuwa mtoto. Nadhani ni kinyume, kwa kuwa anayeamua ni yeye, na anaamua akiwa na akili zake zote.

Upande wa kliniki, mabadiliko yanayohitajika ni madogo kuliko yanavyodhaniwa. Faili lina mahali pa kuandika pombe, bangi na sigara. Maswali manne yakiongezwa, yaani unafanya nini kwenye simu, saa ngapi, pesa kiasi gani hupita humo, na ilianza kabla au baada ya ugonjwa au dawa hii, hayatachukua dakika tano, na jibu la swali la mwisho linaweza kubadili tiba yote. Yaulizwe kwa sauti ileile ya kuulizia usingizi na hamu ya kula. Mtu anayeulizwa kwa sauti ya hukumu atasema anatazama mpira tu.

Fundi wetu wa Temeke angeulizwa hivyo, angeweza kueleza kwamba alianza na kifurushi cha usiku, na kwamba kabla ya hicho alikuwa amepunguza vidonge kutoka viwili hadi kimoja. Dozi ingegawanywa upya ili uzito wa asubuhi upungue. Naye na dada yake wangekubaliana mahali pa kuchajia simu: sebuleni, juu ya kabati la vyombo, kuanzia saa nne usiku, ya dada ikiwa kando ya ya kwake.